Biashara ya kaboni tumeisikia, sasa tuongelee vichocheo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana usiikate sana, maana hii mada ukiikata katikati msomaji anabaki hewani. Ni kuhusu hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi. Kwenye magazeti yetu ikitajwa hewa ukaa basi ni biashara ya kaboni tu, misitu, vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi na hela walizopata kwa kutunza msitu wao, mgao wa halmashauri, kanuni za mwaka 2022, kituo cha taifa cha kaboni pale chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro. Yote hayo ni mazuri na wale wanavijiji nawapongeza kwa moyo wote, kulinda msitu watu wanautaka mkaa sio kazi ndogo. Lakini kuna upande mwingine wa hii ishu ambao sijaona ukiandikwa kwa Kiswahili mtu wa kawaida akauelewa, kwamba hewa ukaa yenyewe ni malighafi, inageuzwa ikawa methanoli (alkoholi ya viwandani), ikawa mafuta, gundi, plastiki, na kuna nchi zinafanya hivo kiwandani sa hivi, na kinachoamua kama inawezekana au haiwezekani na kwa bei gani kwa sehemu kubwa ni kitu kinaitwa kichocheo.

Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari huku Mbeya. Kichocheo ni kitu tunachofundisha kila mwaka na wanafunzi wanakariri, kinaharakisha mmenyuko wa kikemia na chenyewe hakiishi, wanajibu mtihani, wanapata alama zao, inaishia hapo. Nikitaka waamini nawaonesha. Unachukua haidrojeni peroksaidi, ile wanayouza famasi ya kusafishia vidonda, unamimina kwenye chupa, imetulia tu kama maji. Unavunja betri kuukuu ya tochi, zile za bei rahisi, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unauosha vizuri unaukausha unaupima, halafu unatia kwenye chupa. Hapo hapo inaanza kuchemka povu na bila moto wowote chupa inapata joto mkononi, ukisogeza njiti yenye kaa jekundu mdomoni mwa chupa inawaka tena moto mzima, oksijeni hiyo. Ikitulia unachuja ule unga, unaukausha, unapima, uzito ule ule. Darasa zima linanyamaza. Hapo ndo wanaelewa kwamba kuna vitu vinafanya kazi bila kuisha, na kwamba hicho kitu kimetoka kwenye betri iliyotupwa jalalani.

Sasa hewa ukaa ni kesi ngumu zaidi. Hewa ukaa ni majivu. Kila kitu kilichoungua, kuni, dizeli, gesi ya Songosongo, mwisho wake ni huko, nguvu yote imeshatoka, na ukitaka irudi iwe kitu cha maana lazima urudishe nguvu ile, hakuna njia ya mkato. Mtu akija na mashine anasema inageuza hewa ukaa kuwa mafuta bila umeme bila jua bila joto huyo ni tapeli, msimpe hela. Kichocheo hakileti nguvu. Kinachofanya ni kushusha kizingiti ili mmenyuko utembee kwa joto na presha unayoweza kuimudu, na jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui na kwangu ndo tamu kuliko yote, kinachagua unapata nini. Gesi ni zile zile mbili, hewa ukaa na haidrojeni, ukizipitisha kwenye nikeli unapata methane, hii ilionekana zamani na Mfaransa Paul Sabatier mpaka akapewa Nobeli mwaka 1912, na kule kwenye kituo cha anga cha kimataifa wametumia njia hiyo hiyo kurudisha maji kutoka kwenye pumzi ya wanaanga. Ukizipitisha kwenye shaba iliyochanganywa na zinki unapata methanoli. Ukizipitisha kwenye chuma unaanza kupata minyororo mirefu, vitu vya jamii ya petroli. Ukiamua kutumia umeme moja kwa moja ndani ya maji napo hivo hivo, metali ya fedha inatoa kaboni monoksaidi, bati inatoa asidi ya fomiki, ile iliyomo kwenye baadhi ya sisimizi, na shaba inatoa mpaka ethilini ambayo ndo mama wa mifuko ya plastiki na mabomba. Hili la shaba lilitangazwa na Profesa Yoshio Hori wa Japani na wenzake katikati ya miaka ya 1980, kipande cha shaba, maji yenye bikaboneti, hewa ukaa inapita kama mapovu, unawasha umeme. Tangu hapo dunia nzima inakimbizana na shaba.

Mfano wa kiwandani nitatoa Iceland kwa sababu unatuhusu. Pale Svartsengi kuna umeme wa jotoardhi, na mvuke unapotoka ardhini unatoka na hewa ukaa yake, badala ya kuiachia yote angani kampuni ya Carbon Recycling International ikajenga kiwanda kilichoanza 2012 wakakipa jina la George Olah, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyepata Nobeli 1994 na aliyehangaika miaka mingi kuishawishi dunia itumie methanoli. Kiwanda kilikua na uwezo wa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka, zinazomeza hewa ukaa kama tani 5,500. Ni kidogo, najua. Lakini mwaka 2022 teknolojia ile ile ikawashwa Anyang kule China kwenye kiwanda cha tani 110,000 kwa mwaka, na Denmark mwaka 2025 pale Kassø wakazindua kingine cha tani 42,000 ambacho sehemu ya methanoli yake inakwenda kwenye meli za Maersk. Kile cha China nisikipambe kupita kiasi, haidrojeni yake inatoka kwenye gesi ya tanuri za makaa ya mawe kwa hiyo usafi wake una mipaka. Kile cha Denmark haidrojeni inatoka kwenye maji kwa umeme, hasa wa jua, na hewa ukaa yake inatoka kwenye biogesi, hapo ndo mahesabu ya mazingira yanakaa sawa.

Na mahesabu lazima tuyafanye, maana hapa ndo watu wanadanganyana. Tani moja ya methanoli inataka hewa ukaa karibu tani 1.4 na haidrojeni kama kilo 190. Hizo kilo 190 ukizitoa kwenye maji kwa umeme kila kilo inakula uniti 50 na zaidi, kwa hiyo unakaribia uniti 10,000 kwa tani moja tu. Kwa bei ya luku ya mtu wa kawaida, shilingi mia mbili tisini na kitu kwa uniti kabla ya makato, hiyo ni karibu milioni 3 ya umeme peke yake, inazidi mbali bei ya methanoli ya kawaida kwenye soko la dunia, na hata kwa bei ya viwandani bado inazidi. Naandika hivi makusudi ili mtu asinione nauza ndoto. Bila umeme wa bei rahisi sana hakuna biashara hapo. Ila angalia hela inapoteketea: kwenye haidrojeni. Na haidrojeni nayo inaamuliwa na kichocheo kilichopo kwenye ile mashine ya kuchanganua maji. Aina moja inatumia iridiamu, metali ambayo dunia nzima inachimba tani zisizofika 10 kwa mwaka na nyingi inatoka Afrika Kusini, ukijenga dunia yako juu ya iridiamu umekwama kabla hujaanza. Aina nyingine inatumia nikeli, ambayo ipo, hapa kwetu pia ipo, nitarudi huko.

Kwa hiyo mtu akisema kichocheo endelevu mimi namuuliza maswali ya kawaida tu. Metali yake ipo kwa wingi au ni adimu? Ilichimbwaje, maana kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo na tunajua maisha ya wachimbaji wadogo wa Kolwezi yalivyo, kichocheo kilichopita kwenye mikono ya watoto siwezi kukiita kisafi hata kama kinafanya maajabu maabara. Kinadumu? Kikichoka kinarudishwa kuyeyushwa au kinatupwa? Na kinavumilia gesi chafu au kinataka kubembelezwa? Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shaba ikikutana na salfa inakufa, hata salfa kidogo sana, na mvuke wa jotoardhi unakuja na haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai bovu, kwa hiyo lazima gesi isafishwe kabla haijagusa kichocheo. Halafu mmenyuko wa hewa ukaa unazaa maji kila wakati, na maji hayo kwenye joto la nyuzi 250 hivi yanafanya chembe za shaba zishikamane ziwe kubwa, eneo la kufanyia kazi linapungua, uzalishaji unashuka siku hadi siku. Wanaotafiti vichocheo duniani wanapambana na vitu hivi hivi, salfa na maji na kushikamana, hakuna uchawi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Shule yetu haiko mbali na barabara kuu ya Tunduma kwenda Dar. Kila siku malori yanapita yamebeba mabamba ya shaba kutoka Zambia na Katanga, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, shaba safi kabisa, inakwenda bandarini. Reli ya TAZARA ilijengwa miaka ya sabini kwa ajili ya shaba hiyo hiyo. Inapita mbele ya macho yetu nusu karne sasa, inakwenda nje, huko sehemu yake inageuzwa vichocheo, vichocheo vinatengeneza methanoli, methanoli inatengeneza gundi, na gundi inarudi Mafinga kwenye viwanda vya plywood, barabara ile ile, bei yake wanaijua wenye viwanda. Gundi ya plywood nyingi ni yurea na fomaldihaidi, fomaldihaidi inatoka kwenye methanoli, na yurea yenyewe inatengenezwa kwa amonia na hewa ukaa. Yaani vitu vyote viwili kwenye ile ndoo ya gundi vinaweza kupitia njia ya hewa ukaa. Soko tunalo hapo Iringa na Njombe.

Na kutengeneza hicho kichocheo cha shaba sio siri ya jeshi. Kinajulikana tangu miaka ya 1960 walipoanza Waingereza wa kampuni ya ICI. Unayeyusha shaba, zinki na alumini ziwe naitreti, unachukua myeyuko wa magadi soda, unavimimina pamoja polepole kwenye chombo chenye joto la nyuzi 60 mpaka 70 huku unakoroga na unaangalia pH (kipimo cha uasidi) isitoke karibu na 7. Linatokea tope la bluu. Hapo usikimbilie kuchuja, unaliacha liendelee kukorogwa na baada ya muda rangi inabadilika inaelekea kijani, ni fuwele mpya inajijenga ndugu yake na yale mawe ya kijani ya shaba, na ukiliharakisha tope likabaki bluu kichocheo chako kitakua dhaifu. Kisha unaliosha, unaliosha tena, maana sodiamu ikibaki inaharibu kazi, unakausha, unachoma kwenye tanuri nyuzi 300 na kitu linakuwa jeusi, na ndani ya mtambo unalipitishia haidrojeni kwanza ili shaba irudi kuwa metali. Vifaa vya hatua nyingi hapo mwanafunzi wa chuo kikuu chetu anavijua. Magadi yapo ziwa Magadi kwa majirani zetu Kenya, na kwetu Natron tumejaaliwa. Kinachokosekana ni tanuri la mrija lenye presha, vipimio vya mtiririko wa gesi, mashine ya kuchambua gesi inayofanya kazi na haijakaa miaka inasubiri spea, na mtu anayelipwa kukaa nayo muda mrefu bila kuhamishwa kwenda kufundisha kozi nyingine.

Najua kuna watakaosema huo ni utaalamu wa wazungu. Hapana. Afrika Kusini, kampuni ya Sasol walianza kutoa petroli kutoka makaa ya mawe mwaka 1955, moyo wa mtambo ni kichocheo cha chuma, na mpaka leo ni miongoni mwa wanaokijua vizuri zaidi duniani. Kwa mazingira kiwanda chao cha Secunda ni balaa, kinatajwa kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha hewa ukaa kutoka sehemu moja, hilo silifichi. Lakini ujuzi upo na ni wa Waafrika, na Chuo Kikuu cha Cape Town kilianza kuwa mwenyeji wa kituo cha umahiri cha utafiti wa vichocheo mwaka 2004, na mwaka 2022 Sasol na watafiti wa Ujerumani walianza kushirikiana kwenye vichocheo vya mafuta ya ndege yanayotokana na hewa ukaa na haidrojeni. Wametoka kwenye makaa wanageuza ujuzi ule ule uangalie upande mwingine. Kwetu sikijui hata kituo kimoja cha aina hiyo Afrika Mashariki nzima ambacho mwanafunzi wangu akiniuliza mwalimu niende wapi nimwelekeze.

Hewa ukaa tutaitoa wapi? Watu wa hapa watakimbilia kusema Busokelo, kwa sababu kule Rungwe inatoka ardhini yenyewe na inavunwa miaka mingi inauzwa kwa viwanda vya soda na bia. Ni safi na ni rahisi, kwa kujifunzia inafaa sana. Ila ile ni ya ardhini, ukiitoa ukaifanya methanoli na methanoli ikaungua umeongeza angani, hujapunguza, labda ile ambayo ingetoka yenyewe hata usipoigusa. Mimi ningeanzia kwenye viwanda vya ethanoli vya miwa kama Kilombero. Pale kwenye mapipa ya uchachushaji kila kilo ya ethanoli inatoka na karibu kilo nzima ya hewa ukaa, karibu safi kabisa, haina salfa ya kutisha, na imetoka kwenye muwa ulioivuta angani msimu huu huu. Hiyo ikirudi angani imerudi ilipotoka. Saruji nayo ni kubwa zaidi, sehemu kubwa ya hewa ukaa yake inatoka kwenye chokaa lenyewe linapochomwa hata ukibadilisha kuni na makaa, lakini gesi yake ni chafu na imechanganyika na naitrojeni, tuanze na rahisi. Na jotoardhi ya mlima Ngozi hapa Mbeya ikifika mahali pake, na wenzetu wa Olkaria kule Kenya ambao wameshafika, wana kitu cha kuongea na Iceland zaidi ya mafunzo ya kuchimba visima.

Umeme je? Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na kuna saa za usiku matumizi ya nchi yanashuka. Kiwanda cha ukubwa wa kile cha Iceland kinataka kama megawati 5 au 6 tu. Sisemi tujenge kesho. Nasema mtambo mdogo wa majaribio, wa kilo kadhaa kwa siku, unaosimamiwa na chuo, unaweza kula umeme wa usiku bila mtu yeyote kukatiwa wake, na ndani ya miaka michache tukawa na vijana wanaojua kwa mikono yao kichocheo kinachoka vipi na kinafufuliwa vipi. Tahadhari moja muhimu, methanoli ni sumu, inapofusha na inaua, na ukanda wetu umeshazika watu wengi waliokunywa pombe iliyochanganywa nayo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza iwe na rangi, iwe na kufuli na kumbukumbu ya kila lita.

Ninachoomba kwako Mhariri, muwatafute wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa MUST hapa Mbeya na wa Nelson Mandela kule Arusha muwaulize wanafanya nini kwenye vichocheo na wamekwama wapi, muandike kwa Kiswahili, kurasa mbili, na michoro. Kwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ninaomba hela ya utafiti wa mada hii itengwe kwa jina lake isimezwe kwenye fungu la mabadiliko ya tabianchi kwa ujumla, maana humo ndani inaishia semina. Na kwa wizara ya madini nina ombi moja kubwa. Mwamba wa Kabanga kule Ngara una nikeli, una shaba na una kobalti, vyote vitatu kwa pamoja, na serikali imesema usafishaji utafanyika Kahama. Mikataba inapozungumzwa wekeni kifungu kwamba sehemu ndogo ya metali iliyosafishwa, hata kilo mia chache kwa mwaka, itolewe kwa vyuo vyetu pamoja na bajeti ya maabara ya vichocheo iliyojengwa hapo hapo Kahama karibu na mtambo, na kijana aliyemaliza kemia aajiriwe pale kama mtafiti. Kifungu hicho kiwemo kabla wino haujakauka, baadaye itakua ni kuombana.

Mwalimu wa kemia,
Mbeya